Upole wa Barua: Ni Adabu au Ni Uongo?

Mtu ashukapo garini hapa Ngerengere akakutana na jamaa zake stesheni, huulizwa kwanza, "Habari za huko utokako?" Naye hujibu, "Njema." Huulizwa tena habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila mara hujibu, "Njema." Hata wakiisha kufika kivulini na kutua mizigo, ndipo asemapo, "Njema, ila mjomba hatunaye tena." Mgeni wa nchi nyingine akisikia maneno hayo hushangaa, akasema moyoni, "Watu hawa ni waongo, maana habari yawaje njema na mtu amekufa?" Sisi hatushangai, kwa kuwa twajua ya kwamba ile "njema" ya kwanza si habari, bali ni hodi. Mtu mwenye adabu hapigi hodi kwa kutupa jiwe ndani ya nyumba.

Lakini hayo ni mambo ya mdomo. Asemaye kwa mdomo yupo mbele ya asikiaye. Auona uso wake, ajua wakati wa kunyamaza na wakati wa kumshika mkono. Tena "njema" yake haikai peke yake muda mrefu bila kufuatwa na ile "ila". Mwandikaji wa barua hana hayo. Akiisha kutia sahihi na kufunga bahasha, yeye amekwenda zake, na msomaji ameachwa peke yake na karatasi. Wazee wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu walilijua jambo hili. Walijaza salamu nyingi mwanzoni, heshima juu ya heshima, kisha wakaandika "wa baada", na kwa neno hilo msomaji alitambua ya kuwa salamu zimekwisha na maneno yenyewe yaanza. Barua zetu za kazini siku hizi zina heshima nyingi vilevile, lakini mara nyingi hazina "wa baada". Mtu husoma mpaka chini asijue salamu ziliishia wapi. Basi twauliza: upole wa namna hiyo ni adabu, au ni uongo uliovaa kanzu safi?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilikuja mlangoni petu, mfukoni mwa jirani.

Jirani huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika shamba moja la mkonge, kwenye mtambo wa kuchakata. Kusoma Kiswahili ajua, Kiingereza hakijui. Jioni moja alikuja kwetu na barua iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, imekunjwa mara nne, nayo ilikuwa imelala mfukoni mwa shati lake siku mbili, kwa sababu alitaka kuja amekwisha kuoga na kubadili nguo, kama mtu aendaye kupokea jambo la heshima. Alidhani ni barua ya sifa. Na kweli, mwanzo wake ulikuwa sifa. Fungu la kwanza lilimshukuru kwa utumishi wake mwema. La pili lilieleza hali ya soko la nyuzi. La tatu likasema ya kwamba imeonekana kuwa ni lazima kupanga upya idadi ya wafanyakazi, na kwa hiyo utumishi wake hautahitajika baada ya mwisho wa mwezi. La nne likamtakia kila la heri katika shughuli zake za mbele.

Tulipoyaona maneno ya fungu la tatu tulinyamaza kidogo. Mkewe alikuwa amefuatana naye, ameketi kizingitini na mtoto mgongoni, naye alitutazama kwa furaha. Tukasema, "Wakushukuru sana. Wasema kazi imepungua, basi utapumzika kuanzia mwisho wa mwezi."

Utapumzika! Mtu akitaka kututetea, aweza kutetea neno hilo, kwa maana asiye na kazi kweli apumzika. Lakini yeye alielewa likizo, na sisi tulimwona akielewa likizo, tukanyamaza. Tulijisemea ya kuwa tutamweleza vizuri siku nyingine, akiwa peke yake. Siku nyingine haikuja. Kesho yake alikwenda dukani akakopa mabati, apate kuezeka upande wa nyumba wakati wa mapumziko yake. Mwezi ulipokwisha akakaa nyumbani, akangoja kuitwa. Wiki ya sita akaenda mwenyewe hadi lango la shamba, na mlinzi akamwambia ya kwamba jina lake halimo tena daftarini. Akarudi kwetu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwalimu, barua ile ilisema nini?"

Wasomaji waliopata kuajiriwa watajua hasara yake ilikuwa kubwa kuliko aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atoe taarifa ya kuachisha kazi kwa maandishi, na sababu iandikwe humo. Na akitaka kupunguza watu, yamtaka kwanza aeleze sababu na kushauriana nao au na chama chao. Tena mtu aonaye ameachishwa bila haki amewekewa siku 30 za kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo 30 jirani yetu alizitumia kupigilia mabati.

Hatusemi kwamba wenye shamba walikosa kwa kuwapunguza watu. Hilo hatukuitwa kuliamua, na mambo ya mkonge twayajua sisi tukaao kandokando ya reli hii. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge tani zaidi ya 200,000. Hata miaka ya 1990 ilipofika, zilikuwa hazifiki 50,000 kwa mwaka, maana kamba za plastiki zilikwisha kulichukua soko. Kambi zilizokuwa na watu tele zikaota majani. Hakuna maneno matamu yawezayo kuirudisha bei ya nyuzi, na meneja aliyeamriwa kupunguza watu si lazima awe mtu mbaya. Neno letu ni juu ya barua, si juu ya mkonge.

Na katika barua ile neno lililotuudhi kuliko yote ni hilo "imeonekana". Imeonekana na nani? Mvua huonekana, mwezi huandama ukaonekana. Lakini kuachishwa kazi hakuonekani, huamuliwa. Yupo mtu aliyekaa mezani akachora mstari juu ya jina. Aandikapo "nimeamua" au "tumeamua", yule aliyepigwa ajua mlango wa kwenda kubisha. Aweza kuuliza, aweza kushitaki, aweza hata kusamehe. Aandikapo "imeonekana", amejificha nyuma ya karatasi, na mtu hawezi kumsamehe asiyemjua. Maneno ya namna hiyo yamezagaa: "uongozi umelazimika", "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu", "tunasikitika kukujulisha". Hili la mwisho laweza kuwa kweli, lakini tumepata kuona barua moja ya masikitiko iliyopigwa chapa nakala nyingi, na mahali pa jina pameachwa wazi pajazwe kwa kalamu. Masikitiko ya kujaziwa jina ni masikitiko gani?

Tena sisi wenyewe, tuliomlaumu mwandikaji, tulifanya nini? Yeye alilificha neno chini ya sifa, lakini alilitia. Sisi tulilitoa kabisa. Katika kitabu cha pili cha Samweli mna habari tuliyowafundisha watoto mara nyingi bila kujiona wenyewe ndani yake. Absalomu alipouawa, Ahimaasi mwana wa Sadoki alitaka sana kumpelekea mfalme habari. Yoabu alimkataza, akamwambia wazi ya kwamba mwana wa mfalme amekufa, na habari hiyo si ya kumpatia sifa. Hakukoma, akapiga mbio, akampita yule Mkushi aliyetumwa kwanza. Alipofika alimsalimu mfalme kwa salama, akatoa habari za ushindi, na mfalme alipouliza juu ya kijana, akasema ameona ghasia kubwa lakini hakujua ni nini. Alijua. Mfalme akamwambia akae kando. Ndipo Mkushi akafika, naye aliulizwa swali lile lile. Yeye naye hakusema kwa ukali. Alilizungusha neno kwa adabu, akawatakia adui wa mfalme yaliyompata kijana yule. Lakini Daudi alielewa pale pale, akapanda chumbani juu ya lango akilia.

Tazameni tofauti ya watu hawa wawili. Wote wawili walikuwa wapole. Upole wa Mkushi ulikuwa katika namna ya kusema, na upole wa Ahimaasi ulikuwa katika jambo lenyewe. Na twadhani Ahimaasi hakumhurumia mfalme hasa. Alijihurumia yeye mwenyewe, asije akauona uso ule ukibadilika. Tulipokuwa na barua ile mkononi, nasi tulimhurumia nani? Tuliogopa uso wa yule mwanamke kizingitini. Tuliuita woga wetu huruma.

Wengine watatupinga, na pingamizi lao ni zito. Watasema, "Je, simu zile za zamani? Mtu yuko kazini mbali, baba yake amefariki, naye huandikiwa 'Njoo upesi, baba mgonjwa sana.' Watu wote hufanya hivyo. Je, wote ni Ahimaasi?" Tumelifikiri jambo hili siku nyingi, wala hatukubali kuwahukumu wazee waliotuma simu zile. Mtu yule alikuwa na safari ya siku nzima au mbili garini, peke yake kati ya watu asiowajua. Walimficha neno kwa muda wa njia tu, na mwisho wa njia walikuwapo wenyewe wakimngoja, pamoja na watani waliozoea kazi za msiba, wapate kumpokea alipoanguka. Tena neno walilomwambia lilimfanya atende lile lililompasa kutenda: akaomba ruhusa, akapanda gari, akaja. Miguu yake haikupotezwa. Jirani yetu sisi tulimpotezea miguu. Ilimpasa kwenda Morogoro, tukamfanya akae nyumbani. Ilimpasa kuweka akiba, tukamfanya akope. Na mwisho wa njia yake hapakuwa na jamaa, palikuwa na mlinzi wa lango. Kwa hiyo tukipima upole wa barua hatuulizi tu kama kila neno ni kweli. Twauliza pia: akiisha kuisoma, au kusomewa, miguu yake itakwenda wapi?

(Ingawa hata simu hizo zimezaa mchezo mbaya. Wako vijana ambao bibi yao amekufa mara tatu kwa ajili ya kuomba ruhusa kazini. Siku bibi afapo kweli, bwana wa kazi hucheka, na mjukuu hukosa maziko.)

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya habari mbaya, barua za kusihi je? Humo si sharti mtu apambe maneno?" Twaona barua hizi ni dada wawili, kwa kuwa zote mbili zataka kumfikisha mtu mahali asipotaka kwenda. Wa kwanza ampeleka penye huzuni, wa pili ampeleka penye kukubali. Na hatari yao ni moja, kwamba mwandikaji ataka kufika pasipo kuuona uso wa mwenzake.

Barua ya kusihi tuipendayo ni ile ya Paulo kwa Filemoni, nayo yahusu bwana na mtumishi wake, wala si kitabu cha mambo ya mbinguni tu. Onesimo alikuwa mtumwa, akatengana na bwana wake, na yaonekana alikuwa na deni lake au kosa lake. Paulo yuko kifungoni, naye ataka Filemoni ampokee tena, si kama mtumwa bali kama ndugu. Asema wazi mwanzoni ya kwamba aweza kuagiza, lakini achagua kusihi. Hafichi kwamba Onesimo hakuwa na faida zamani. Kama kuna hasara, ataka iandikwe juu yake yeye Paulo, naye aliandika hilo kwa mkono wake. Kisha aomba atengenezewe mahali pa kulala, maana atarajia kuja. Neno hilo la mwisho wengi hulipita upesi, lakini sisi twalipenda. Mwandikaji aombaye kitanda katika nyumba ya yule amwandikiaye hawezi kujificha nyuma ya "imeonekana".

Haifai kuficha ya kuwa Paulo naye alisukuma. Alisema hatataja ya kwamba Filemoni amewiwa naye hata nafsi yake, na kwa kusema hivyo amekwisha kutaja. Watoto wa darasani wakifika hapo hucheka, na haki yao kucheka. Walakini alisukuma mchana kweupe. Filemoni aliona mkono uliomsukuma, aliona na mwenye mkono, naye aliachiwa nafasi ya kukataa.

Barua hiyo twaweza kuiweka karibu na barua nyingine, ile ambayo Daudi alimwandikia Yoabu akaipeleka kwa mkono wa Uria. Uria aliibeba barua iliyoamuru auawe, asijue. Onesimo naye, kama wengi waaminivyo, alirudi pamoja na barua iliyomhusu, lakini hiyo ilikuwa barua ambayo angaliweza kusomewa neno kwa neno bila Paulo kuona haya. Mwandikaji wa barua ya kazini na ajiulize kama mtu wake ni Uria au ni Onesimo. Jirani yetu alitembea siku mbili na barua mfukoni, amevaa shati safi kwa ajili yake. Mwajiri alimfanya kuwa Uria kwa lugha asiyoijua, ingawa Kiswahili kipo, na tangu mwaka 2021 sheria zenyewe na mahakama vimeamriwa kutumia Kiswahili. Nasi tulioijua lugha ile tukamwacha aendelee kuwa Uria.

Kusihi kwa hila kwaharibu hata jambo lililo jema. Milimani kwetu Uluguru serikali ya Waingereza ilianza mwaka 1950 mpango wa kutunza udongo usichukuliwe na mvua, na watu wakatakiwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kwamba udongo wa mlima huchukuliwa na mvua ni kweli, kila Mluguru alijua kabla hajaambiwa. Lakini yaliyoitwa shauri yalikuwa amri, na asiyechimba alitozwa faini. Mwaka 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Amri iitwayo amri watu huitii au huikataa wakijua wafanyalo. Amri iliyoitwa shauri huwafundisha wasiamini shauri lolote lijalo nyuma yake, hata lile la kweli. Meneja aandikaye "tunakushauri ujiuzulu mwenyewe", hali amekwisha kuamua kumfukuza mtu, achimba shimo lile lile.

Hatupendi mtu atoke hapa akidhani twasifu ukali. Wako wajionao wakweli kwa sababu wajua kuumiza. Barua ya mstari mmoja, isiyo na salamu wala shukrani, kwa mtu aliyetumika miaka 15, si ukweli zaidi, ni uvivu. Sifa za fungu la kwanza zilimpasa jirani yetu, alizitolea jasho. Laiti wangaliandika kichwani, kama wafanyavyo katika barua nyingine, "YAH: KUACHISHWA KAZI", kisha wakamwambia katika fungu la kwanza ni siku gani, ni nani aliyeamua, ni kwa sababu gani, ni malipo gani atapata na wapi, na baada ya hayo wakamshukuru kwa kirefu watakavyo. Shukrani ikija baada ya habari, mtu ajua ni shukrani. Ikija kabla, aikumbukapo kesho yake ataiona kama chambo.

Lalamiko lililochelewa laweza kupokelewa na Tume, iwapo mtu aeleza sababu ya kutosha ya kuchelewa kwake. Basi jirani yetu alikuja tena, safari hii asubuhi, akatuomba tumwandikie sababu hiyo. Tukachukua kalamu, tukaandika kwa mwandiko mzuri: "Kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu, sikupata kuielewa barua ya mwajiri kwa wakati." Tulipomsomea, akauliza, "Sababu gani hizo, mwalimu?"

Tukaikunja karatasi ile, tukachukua nyingine. Tukaandika ya kwamba barua ya mwajiri ilikuwa ya Kiingereza. Ya kwamba aliipeleka kwa mwalimu siku ya tatu baada ya kuipokea. Ya kwamba mwalimu huyo aliielewa, lakini hakumwambia kwamba ameachishwa kazi, alimwambia kwamba atapumzika. Chini yake tukaandika jina letu lote, na shule, na sahihi, ili Tume ikitaka kutuita itujue. Aliomba asomewe tena tangu mwanzo, polepole, tusiruke neno. Tulipofika penye jina letu alitikisa kichwa, akaipokea karatasi, akaitia katika mfuko ule ule wa shati, akaenda kutafuta gari la Morogoro.